UCHAMBUZI: Kipimo cha figo kinavyowaficha wagonjwa

FIGO imekuwa kiungo kinachozungumziwa sana nchini katika miaka ya hivi karibuni. Aprili 2025, madai ya biashara ya figo jijini Eldoret yalitikisa taifa hata Wizara ya Afya ikasimamisha shughuli za upandikizaji katika hospitali moja ya kibinafsi na kuunda kamati ya kuchunguza suala hilo. Kabla ya hapo gumzo lilikuwa kuhusu mashine za kusafishia damu: ziko wapi, ngapi zinafanya kazi, na nani anazilipia. Mijadala yote hiyo, ukiitazama kwa makini, inahusu mtu ambaye figo zake zimekwisha kufa.

Swali linalotangulia hayo yote haliulizwi sana. Je, mtu hujuaje kwamba figo zake zimeanza kulegea, ilhali angali anakwenda shambani, anaendesha matatu au anafundisha darasani bila ya kuhisi maumivu yoyote? Jibu la swali hilo liko katika karatasi ya maabara, na karatasi hiyo, kwa Mwafrika, imekuwa na kasoro ambayo wengi hawaifahamu.

Tuanze na kazi yenyewe. Kila figo hutoshana na ngumi ya mwenyewe, na ndani yake mna vichujio vidogo mno viitwavyo nefroni, ambavyo hukadiriwa kufika milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Karibu yote hurejeshwa mwilini yakiwa na chumvi na sukari ambazo mwili unazihitaji. Kinachosalia kuwa mkojo ni lita moja au mbili hivi. Mbali na kuondoa taka, figo huamua kiasi cha maji na chumvi kinachobaki mwilini, husaidia kudhibiti shinikizo la damu, hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na huitia vitamini D nguvu ya kuimarisha mifupa. Ndiyo maana mgonjwa wa figo aghalabu huishiwa damu na mifupa yake hudhoofika, mambo ambayo jamaa zake huenda wasiyahusishe na figo kamwe.

Kipimo halisi cha afya ya figo ni kasi ya uchujaji huo, yaani ni mililita ngapi za damu zinazosafishwa kila dakika. Kijana mwenye afya huwa na kasi ya kati ya 90 na 120. Kasi hiyo hupungua polepole umri unaposonga. Ikishuka chini ya 60 na kubaki hapo kwa miezi mitatu au zaidi, madaktari huuita ugonjwa sugu wa figo. Ikiwa chini ya 15, mgonjwa huwa anakaribia kuhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyingine.

Tatizo ni kwamba kasi hiyo ni ngumu kupima moja kwa moja. Katika miaka ya 1930 Homer Smith wa New York na wenzake walitumia inulini, aina ya wanga itokayo kwa mimea kama chikori, ambayo hudungwa kwenye mshipa na kutolewa na figo peke yake. Siku hizi watafiti hutumia ioheksoli: mtu hudungwa kiasi kidogo, kisha damu yake huchukuliwa mara kadhaa kwa muda wa saa chache ili kuona dutu hiyo inaondoka kwa kasi gani. Njia hizi ni sahihi lakini hazifai zahanati yenye muuguzi mmoja na foleni inayofika langoni.

Kwa hivyo dunia ilichukua njia ya mkato. Ilichagua kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na figo hukitoa, kikapimwa katika damu. Kitu hicho ni kreatinini, taka inayotokana na kazi ya misuli. Mjerumani Max Jaffe alieleza mwaka 1886 kwamba kreatinini hubadilika rangi na kuwa ya chungwa inayoelekea wekundu inapochanganywa na asidi ya pikriki katika mazingira ya alkali. Mbinu hiyo ya zaidi ya karne moja ingali inatumika katika maabara nyingi duniani kwa kuwa ni nafuu. Kejeli ni kwamba sukari nyingi katika damu ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuvuruga matokeo yake, na kisukari ndicho mojawapo ya vyanzo vikuu vya maradhi ya figo.

Hata kreatinini ikipimwa bila dosari, bado inahitaji kufasiriwa. Figo zikipoteza nusu ya kasi yake, kreatinini huongezeka takriban maradufu. Chukua mwanamume ambaye kwa kawaida ana maikromoli 55 kwa lita. Akifika 105, maabara nyingi zitaandika kwamba yuko ndani ya mipaka ya kawaida. Ataambiwa yuko salama, naye atarudi nyumbani akimshukuru Mungu, ilhali amepoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake.

Jambo la pili ni misuli. Mwenye misuli mingi hutengeneza kreatinini nyingi, na aliyekonda hutengeneza kidogo. Fikiria watu wawili wenye kreatinini ile ile ya 106: kijana wa miaka 25 anayebeba mizigo sokoni, na nyanya wa miaka 70. Ukitumia mlinganyo unaopendekezwa Marekani tangu 2021, ambao huzingatia umri na jinsia, kijana huyo anapata kasi ya 86, na nyanya anapata 49. Kijana yuko sawa. Nyanya tayari ana dalili ya ugonjwa wa figo wa daraja la tatu. Maabara inayotoa tarakimu ya kreatinini peke yake, ikiwa na mpaka mmoja kwa watu wote, itawapa majibu yanayofanana. Daktari mwenye muda ataona tofauti. Daktari aliyekwisha kuona wagonjwa 60 tangu asubuhi huenda asiione, na mimi sitamlaumu yeye kwanza.

Ndiyo sababu ya kuwapo kwa milinganyo hiyo. Na hapo ndipo tunapofika penye kasoro niliyoitaja.

Mwaka 1999, Andrew Levey na wenzake nchini Marekani walitoa mlinganyo uliotokana na takwimu za wagonjwa 1,628, ambao baadaye ulienea katika maabara za dunia. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wazungu. Weusi walikuwa sehemu ndogo. Watafiti waliona kwamba, kwa kiwango kile kile cha kreatinini, Wamarekani weusi katika kundi hilo walionekana kuwa na kasi kubwa zaidi ya uchujaji. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba weusi wana misuli mingi zaidi, ingawa misuli ya wagonjwa wenyewe haikuwa imepimwa. Katika mlinganyo huo, kama ulivyokuja kutumika sana, matokeo ya mtu mweusi yalizidishwa kwa 1.212, yaani yaliongezwa kwa takriban asilimia 21. Mlinganyo mwingine uliofuata mwaka 2009 ulipunguza nyongeza hiyo hadi asilimia 16 hivi, lakini haukuiondoa.

Hebu tuone maana yake. Mgonjwa ambaye hesabu ilitoa 52, yaani yumo ndani ya ugonjwa, akizidishiwa kwa 1.212 anafika 63 na kutoka nje ya mpaka. Figo ni zile zile na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni kisanduku kimoja kilichotiwa alama kwenye kompyuta kuhusu rangi ya ngozi yake.

Nchini Marekani kwenyewe nyongeza hiyo ilipingwa, hasa na madaktari vijana na wanafunzi wa udaktari, hadi Septemba 2021 ambapo jopo la pamoja la Wakfu wa Kitaifa wa Figo na chama cha wataalamu wa figo nchini humo lilipendekeza iachwe kabisa. Athari zake hazikuwa za kinadharia. Katika orodha ya wanaosubiri figo, muda wa kusubiri unaweza kuanza kuhesabiwa kasi inapofika 20 au chini ya hapo. Aliyeongezewa alama kwa rangi yake alichelewa kuanza kuhesabiwa. Mwaka 2023 hospitali za upandikizaji za Marekani zilianza kutekeleza agizo la kuwarejeshea wagonjwa weusi muda waliokuwa wamepokonywa na hesabu hiyo.

Sasa tuje Afrika, kwa maana kama kuna bara lililopaswa kuuliza maswali mapema ni letu. Mwamerika mweusi wa Chicago na mkulima wa Kitui wana rangi inayokaribiana. Hawana chakula kimoja, hawana uzani mmoja, wala hawakukulia katika hali moja ya maradhi. Watafiti wa Kinshasa na Abidjan, waliochapisha matokeo yao mwaka 2019, waliipima kasi ya uchujaji kwa njia ya moja kwa moja na kugundua kwamba milinganyo ilikaribia ukweli zaidi pale nyongeza ya rangi ilipoachwa.

Utafiti mkubwa zaidi ulifuata mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health. Uliwahusisha watu zaidi ya 2,500 katika Malawi, Afrika Kusini na jirani yetu Uganda, wote wakipimwa kwa ioheksoli. Matokeo yake yanastahili kusomwa polepole. Milinganyo inayotegemea kreatinini ilionyesha figo kuwa na nguvu kuliko zilivyo, na kosa hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimedhoofika, yaani wale wale waliohitaji kugunduliwa. Kuondoa nyongeza ya rangi kulipunguza kosa hilo bila ya kulimaliza. Kipimo kilichofanya vyema zaidi kilikuwa cha sistatini C, protini inayotengenezwa na karibu chembe zote za mwili na ambayo haitegemei wingi wa misuli.

Sababu inayoaminika zaidi ni ile iliyogeuza nadharia ya Marekani chini juu. Wengi wetu, hasa mashambani na katika mitaa ya mabanda, tuna misuli michache kuliko watu ambao milinganyo ilitungwa kwao. Utapiamlo wa utotoni, kifua kikuu, virusi vya HIV na mlo wenye nyama kidogo vyote hupunguza misuli, na misuli ikipungua kreatinini hushuka. Hivyo umaskini humfanya mgonjwa aonekane mzima kwenye karatasi. Iwapo hali iko hivyo Uganda, sioni kwa nini Mkenya wa Busia, anayekula chakula kile kile ng'ambo ya mpaka, awe tofauti.

Mtu atauliza, je, makadirio yetu ya idadi ya wagonjwa wa figo yana uzito gani? Yale yaliyotokana na kreatinini pamoja na nyongeza ya Kimarekani yana kila dalili ya kuwa chini ya hali halisi. Mipango ya bajeti iliyojengwa juu ya makadirio hayo nayo iko chini.

Kuna suala jingine linalotuhusu kwa karibu. Wakenya wengi wanaoishi na virusi vya HIV hutumia kidonge chenye dolutegravir na tenofovir, na wengi wamewahi kupewa Septrin ili kuzuia magonjwa nyemelezi. Dolutegravir na mojawapo ya dawa zilizomo katika Septrin huzuia kreatinini isitoke kupitia figo, hivyo kiwango chake katika damu hupanda ingawa uchujaji haujapungua hata kidogo. Tenofovir, kwa upande wake, inaweza kwa baadhi ya watu kuziumiza figo kikwelikweli. Kwa hivyo kreatinini ikipanda kwa mgonjwa huyo, daktari anakabiliwa na swali gumu: je, ni kiini macho cha dawa moja, au ni madhara ya nyingine iliyo ndani ya kidonge kile kile? Kumbadilishia dawa bila sababu ni hatari, na kutombadilishia kukiwa na sababu ni hatari pia. Sistatini C inaweza kusaidia kukata shauri hilo, ijapokuwa nayo ina mapungufu yake: huvurugwa na matatizo ya tezi ya shingo, dawa za steroidi, uvimbe mwilini na uvutaji sigara. Isitoshe, gharama yake ni mara kadhaa ya ile ya kreatinini. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa figo wa 2024 unahimiza vipimo vyote viwili vitumiwe pamoja pale uamuzi unapokuwa mzito. Katika hospitali zetu za rufaa hilo si jambo la kupita uwezo. Katika zahanati, tuseme ukweli, halitawezekana hivi karibuni.

Lakini zahanati ina kipimo kingine ambacho hakitegemei misuli wala rangi, na kila mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito anakijua. Ni kile kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo. Kichujio kizima hakipitishi protini ya albumini, kilichotoboka huipitisha. Albumini katika mkojo inaweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya kasi ya uchujaji kushuka, hasa kwa wenye kisukari. Kijikaratasi cha kawaida hukosa kiasi kidogo mno, kwa hivyo kipimo bora ni kile cha maabara kinacholinganisha albumini na kreatinini ya mkojo, ambapo miligramu 3 au zaidi kwa kila milimoli ni ishara ya hatari. Mwongozo unataka mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili apimwe hivyo siku ile ile anapogunduliwa, na kila mwaka baada ya hapo. Mwenye shinikizo la damu pia hapaswi kusahauliwa.

Inashangaza kwamba mjamzito hupimwa mkojo kama jambo la kawaida, huku mzee mwenye kisukari akiweza kuhudhuria kliniki kwa miaka mingi, akipimwa sukari kila mara kwa tone la damu la kidoleni, bila ya mtu kumpa kikopo cha mkojo. Kijikaratasi ni kile kile na choo ni kile kile.

Zamani mtu angeweza kusema kwamba hakuna haja ya kugundua mapema ugonjwa usio na tiba. Hoja hiyo haisimami tena. Vidonge vya enalapril na losartan, ambavyo ni vya bei nafuu, hupunguza shinikizo ndani ya vichujio na kupunguza uvujaji wa albumini. Tangu 2020 tafiti kubwa zimethibitisha kwamba dawa za kundi la dapagliflozin na empagliflozin, zilizobuniwa kwa ajili ya kisukari, huchelewesha kufa kwa figo hata kwa wasio na kisukari. Kuacha kumeza ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na brufeni, ambazo hununuliwa dukani kama peremende, ni hatua isiyohitaji hata shilingi moja. Ila hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kuanza kwa mtu aliyeambiwa kwamba figo zake ziko sawa.

Upande wa pili wa mizani uko wazi. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, uliozua maswali mengi katika Seneti, na mashine za kusafishia damu zikafika katika kaunti ambazo awali hazikuwa nazo. Bima ya NHIF ikaanza kulipia vikao viwili kwa wiki. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pake Oktoba 2024, ada iliyotangazwa ilikuwa Sh10,650 kwa kila kikao. Mgonjwa anayekwenda mara mbili kwa wiki hugharimu Sh1,107,600 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu nauli, sindano za kuongeza damu na siku za kazi zilizopotea. Siwaonei kijicho wagonjwa hao. Bila mashine wangekwisha kufariki. Ila sheria iliyoanzisha SHA iliunda pia hazina ya huduma za afya ya msingi, na humo ndimo kipimo cha mkojo na cha kreatinini vinapostahili kulindwa kwa jina, visiachwe kwa hiari ya kila kituo.

Mei 2025, Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu afya ya figo, likiyahimiza mataifa kuingiza kinga na ugunduzi wa mapema katika mipango yao. Kwa Kenya, sehemu moja ya kazi hiyo ni rahisi ajabu. Mashine za kisasa za kemia ya damu na kompyuta za maabara zinaweza kupiga hesabu ya kasi ya uchujaji zenyewe, mradi umri na jinsia ya mgonjwa viandikwe. Kinachohitajika ni agizo moja la Wizara: kila jibu la kreatinini ya mtu mzima liambatane na kasi ya uchujaji, kwa mlinganyo usio na nyongeza ya rangi, na jina la mlinganyo huo liandikwe chini yake. Kazi ngumu zaidi, ya kupima watu wetu wenyewe kwa ioheksoli ili tujue mlinganyo upi unawafaa, ni ya vyuo vikuu vyetu, na tayari Makerere na wenzao wametuonyesha njia.

Kwa sasa, mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya kuondoka dirishani: kasi yangu ya uchujaji ni ngapi na mmeikokotoa kwa mlinganyo upi, na je, mkojo wangu umepimwa albumini? Ikiwa karatasi ina majibu mawili, moja likiwa limetengewa watu weusi, alitazame lile la chini na kumwonyesha daktari. Kisha aihifadhi karatasi hiyo, aje nayo baada ya miezi mitatu, kwa maana kipimo kimoja huweza kupandishwa na mlo wa nyama choma wa jana au na kiu ya safari ndefu, na ni kwa kulinganisha karatasi ya leo na ile ya awali ndipo daktari atakapojua kama figo hizo zimesimama mahali pamoja au zinateremka.